Bunduki ya .303 ya Marehemu Baba: Kabla ya Msasa, Msumeno na Darubini

Msomaji wetu wa Kahawa West, hapa Nairobi, ametuandikia swali refu ambalo ninalifupisha hivi. Marehemu baba yake alikuwa na bunduki ya .303 ambayo aliimiliki kwa cheti tangu siku za shamba lake la Nyandarua. Baada ya mazishi, silaha ilikabidhiwa polisi, msomaji akaomba cheti kwa jina lake mwenyewe, na sasa amekipata. Kwenye shingo ya chuma iliyo nyuma ya bolti, yaani kile chuma kinachosogezwa kwa mkono kuingiza na kufungia risasi, kumechongwa taji, herufi G.R., kisha B.S.A. Co., mwaka 1918, na chini yake Sht.L.E. III*. Nambari iliyo kwenye bolti hailingani na ile ya bunduki yenyewe. Mbao zake zimekuwa nyeusi na zina makovu. Alipoipeleka uwanja wa shabaha, risasi 10 alizopiga umbali wa mita 100 zilitawanyika upana wa sinia, na takribani zote zilikuwa juu ya alama. Seremala jirani amejitolea kuipiga msasa na kuipaka vanishi ya kung'aa. Rafiki mmoja amemshauri akate mtutu ili iwe nyepesi, na mwingine amemwambia atoboe chuma afunge darubini. Anauliza: aanze na lipi?

Ndugu yangu, kwanza pole kwa msiba. Pili, umefanya vyema kuanza na cheti, kwa sababu chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti ni cha mtu na hakirithiwi pamoja na bunduki. Wapo watu wengi waliojikuta mashakani kwa kuweka bunduki ya mzee darini wakidhani kwamba urithi unatosha. Kuhusu swali lako, jibu langu ni kwamba usianze na lolote kati ya hayo matatu. Msasa, msumeno na tundu la drili ni mambo yasiyorudishwa nyuma, na hakuna hata moja kati yake linalogusa sababu ya risasi zako kutawanyika. Yale yanayoponya bunduki ya aina hii karibu yote yanaweza kufanywa bila kuondoa hata unyoya mmoja wa chuma chake, na kesho ukibadili nia unarudisha kila kitu kama kilivyokuwa.

Hebu kwanza tuisome. Herufi zile zinasema kwamba bunduki yako ilitengenezwa na kampuni ya Birmingham Small Arms mwaka 1918, na G.R. ni ufupisho wa jina la Mfalme George kwa Kilatini. Sht.L.E. ni Lee-Enfield fupi: Lee ni James Paris Lee, mzaliwa wa Scotland aliyekulia Kanada, ambaye ndiye aliyebuni bolti na magazini yake, na Enfield ni mji wa Uingereza ulikokuwa na kiwanda cha serikali. Mark III, yaani toleo la tatu, ilianza kutumika mwaka 1907. Ile nyota iliyofuata namba ni alama ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati viwanda vilipoondoa vipande kadhaa ili kuharakisha kazi: kibati cha kuzuia magazini, vilengeo vya pembeni vya masafa marefu sana, na skrubu ya kusogeza kilengeo cha nyuma kushoto na kulia. Kumbuka hicho cha mwisho, maana tutakirudia tutakapofika kwenye shabaha. Usiichanganye na ile ambayo watu wengi hapa nchini huiita Mark Four, yenye kilengeo cha tundu karibu na jicho, ambayo ilikuja baadaye wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hizo mbili ni ndugu, lakini vipuri vingi havibadilishwi baina yao.

Angalia pia kama kuna mishale miwili midogo iliyogusana ncha. Mshale mmoja ulimaanisha mali ya serikali ya Uingereza, na mishale miwili inayotazamana ilimaanisha kwamba silaha imeuzwa kihalali nje ya jeshi. Kisha tazama upande wa kulia wa kitako, ambako bunduki za zama hizo mara nyingi zilikuwa na kisahani cha shaba chenye herufi za kikosi, au tundu la mviringo lililozibwa kwa kipande cha mbao pale kisahani kilipoondolewa. Mbao zenyewe zina mihuri ya wakaguzi, wakati mwingine midogo kama punje ya mtama, na hufifia kiasi kwamba utaiona tu ukiielekezea tochi kutoka pembeni. Hiyo ndiyo historia ambayo msasa wa jirani yako utaifuta kwa dakika 10, na hakuna fundi atakayeirudisha. Tena ufungue kile kidirisha cha shaba nyuma ya kitako. Ndani yake askari alihifadhi kichupa cha mafuta na kamba ya kuvuta kitambaa cha kusafishia mtutu, na nimeshaona bunduki ambazo vitu hivyo vilikuwa bado vimelala mle ndani baada ya kizazi kizima.

Kuhusu kukata mtutu, ninaelewa wazo hilo lilikotoka. Baada ya 1945 bunduki hizi ziliuzwa kwa bei ya chini mno, na warsha kama Parker-Hale ya Birmingham zilizipunguza mbao, zikazipa umbo la bunduki za mwindaji na kuziuza kote duniani. Kwa mkulima wa wakati ule aliyetembea milimani kutwa lilikuwa jambo la maana. Lakini uwindaji wa michezo umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, na wewe bunduki yako utaibeba kutoka gari hadi mstari wa kulengea, basi. Wepesi hautakufaa kitu. Mtutu wa bunduki yako una urefu wa inchi 25.2, na kilengeo cha mbele pamoja na mshiko wa mbao vyote vimepangwa kwa urefu huo. Ukikata, unapoteza kilengeo, unapoteza mwendo wa risasi, na unaongeza kishindo na teke. Zaidi ya hayo, kubadilisha silaha kwa namna hiyo si jambo la kufanyiwa gereji wala nyumbani. Kazi yoyote ya ufundi juu ya bunduki ifanywe na fundi aliyesajiliwa, umpelekee cheti chako, na usiruhusu mtu yeyote aguse nambari iliyochongwa, hata kwa nia ya kuing'arisha.

Sasa nije kwenye jambo linalonihangaisha zaidi katika barua yako, ambalo wewe umelitaja kama kwamba ni dogo: bolti yenye nambari tofauti. Katika Lee-Enfield fupi, kila bolti ililinganishwa kwa mkono na kiwiliwili chake, yaani kile chuma kikuu kinachobeba bolti na kushika mtutu. Bolti hii hufungia kwa nyuma, kwa meno mawili, na meno hayo yanapaswa kuegemea chuma sawasawa pande zote mbili. Bolti iliyotoka kwenye bunduki nyingine inaweza kuegemea upande mmoja tu, au ikaacha nafasi kubwa mno kati ya uso wake na kitako cha risasi. Risasi ya .303 ina ukingo nyuma, na ukingo huo ndio unaoizuia isizame ndani ya chemba, yaani lile tundu la nyuma ya mtutu linalopokea risasi. Nafasi iliyoachiwa ukingo hupimwa kwa geji maalumu: isipungue inchi 0.064 na isizidi inchi 0.074. Ikizidi hapo, ganda hunyooka kila unapopiga, na siku moja hukatika vipande viwili na kumwaga gesi yenye moto karibu na uso wako.

Kwa hiyo usipige risasi nyingine hata moja kabla fundi hajaipima. Ukiwa bado unasubiri zamu yako kwake, yatafute maganda uliyoyaokota siku ile. Ukiona pete angavu inayozunguka ganda lote sentimita moja hivi kutoka kwenye ukingo, hiyo ni dalili ya ganda lililoanza kunyooka. Chukua waya mwembamba, ukunje ncha yake, uingize ndani ya ganda na uvute taratibu ukikwaruza ukuta wake. Waya ukinasa kwenye mfereji pale penye pete, umepata jibu. Usishtuke ukiona ganda limevimba kidogo mbele ya kitako, maana chemba za bunduki hizi zilichimbwa pana kwa makusudi ili risasi yenye tope la mahandaki iingie bila kukwama. Uvimbe ni wa kawaida, lakini pete angavu siyo. Na ikiwa popote kwenye chuma utakuta herufi DP, hadithi imeishia hapo: hizo ni alama za bunduki ya gwaride na mafunzo, ambayo jeshi lenyewe liliamua isipigwe tena, na hakuna geji wala fundi wa kuibatilisha hukumu hiyo.

Tuseme geji zimekubali. Hatua ya pili ni mtutu. Toa bolti, weka karatasi nyeupe mahali bolti ilipokuwa, uelekeze mwanga juu yake, kisha chungulia kutoka mdomoni. Unapaswa kuona mifereji mitano inayozunguka kuelekea kushoto, mzunguko mmoja kwa kila inchi 10. Watu hukata tamaa wanapouona mtutu mweusi, na mimi huwaambia wasikate tamaa. Weusi peke yake si ugonjwa, kwani nimeshuhudia mitutu yenye giza ikipiga vizuri kuliko iliyong'aa. Kinachoua shabaha ni mdomo uliolika. Askari walisafisha mtutu kwa kuvuta kamba kutoka nyuma kwenda mbele, na kamba iliyojaa vumbi, ikivutwa kwa kuegemea upande mmoja kwa miaka mingi, hula mdomo kama kamba ya ndoo inavyokula ukingo wa kisima. Risasi inayotoka kwenye mdomo uliolika upande mmoja husukumwa kando na gesi wakati ule ule inapoachana na chuma. Fundi ana geji ya kupima mdomo na nyingine ya kupima koo la mtutu mbele ya chemba, mahali ambapo kordaiti, ile baruti ya Waingereza iliyowaka kwa joto kali sana, huanza kula chuma.

Hapa niseme neno juu ya chumvi. Risasi nyingi za kijeshi za zamani zilikuwa na kiwashio chenye klorati ya potasiamu. Ikishawaka, hubakiza kloridi ya potasiamu, ambayo ni jamaa wa karibu wa chumvi ya mezani na huvuta unyevu kutoka hewani vile vile. Mafuta hayaiyeyushi. Unaweza kuupaka mtutu mafuta hadi yatiririke, na katika wiki moja ya mvua za masika kutu ikawa imeota chini yake. Dawa ni ile ile waliyoitumia askari: maji yanayochemka, kiasi cha lita moja, yamiminwe kwa faneli yenye mrija kutoka upande wa chemba huku mdomo ukiwa umeelekea chini, kisha mtutu ukaushwe kwa vitambaa hadi kitoke kikavu, ndipo upakwe mafuta membamba. Hakikisha maji hayapenyi chini ya mbao. Ukinunua risasi mpya za kiraia kutoka kiwanda kinachojulikana, kwa mfano zile za Prvi Partizan ya Serbia zenye kichwa cha graini 174 (graini ni kipimo kidogo cha uzito), hutakuwa na tabu hiyo, na ninakushauri utumie hizo peke yake. Uzito wa graini 174 si wa kubahatisha, kwa maana risasi ya jeshi ya Mark VII iliyokubaliwa mwaka 1910 ilikuwa na kichwa chenye uzito huo na mwendo wa takribani mita 744 kwa sekunde, na vilengeo vya bunduki yako vilipimwa kwa risasi hiyo.

Sasa mtawanyiko wenyewe. Kama mdomo ni mzima, basi mimi ninashuku mbao kabla ya kitu kingine chochote, na ni hapa ambapo ningependa uelewe kwa undani, kwa sababu ndipo bunduki hii inapotofautiana na nyingi nyingine. Mtutu wa Lee-Enfield fupi ni mwembamba, na risasi inapopita ndani yake hutetemeka kama fimbo ya henzirani. Wabunifu hawakujaribu kuuzuia usitetemeke. Waliamua kuushika katika sehemu chache ili utetemeke kwa namna ile ile kila mara. Nyuma kabisa, kiwiliwili kimekaa juu ya ubao wa mbele na kubanwa na skrubu kuu iliyo mbele ya kifyatulio. Katikati kuna pete ndogo ya ndani yenye skrubu na springi inayouvuta mtutu chini kwa upole. Karibu na mdomo, ndani ya ubao, kuna kijiti cha chuma kinachosukumwa na springi, nacho huuinua mtutu juu. Kati ya sehemu hizo, mtutu haupaswi kugusana na ubao pembeni, na unapopita kwenye kofia ya chuma ya mbele unapaswa kuwa huru pande zote.

Kuna sehemu nyingine mbili zisizoonekana mpaka bunduki ifunguliwe, nazo ndizo hoja yenyewe. Nazungumzia mabega mawili ya mbao, moja kila upande karibu na kifyatulio, ambayo hupokea teke lote la bunduki. Kila unapopiga, kiwiliwili hurudi nyuma na kuegemea mabega hayo. Yakiwa yamebana sawasawa, bunduki hurudi mahali pake kila mara. Yakiwa yamesinyaa au bega moja limetangulia jingine, chuma hucheza ndani ya mbao, na kila risasi huondoka kutoka mahali tofauti na ilipoondokea mwenzake. Bunduki yako ina mbao za mti wa jozi zilizokauka kwa zaidi ya miaka 100. Imeishi Nyandarua kwenye baridi na ukungu, na sasa imehamia Nairobi, takribani mita 1,800 juu ya bahari, ambako miezi ya Januari na Februari hukausha mlango hadi ukagoma kufunga. Ningeshangaa kama mabega hayo yangekuwa bado yamebana.

Dawa ya fundi ni kuchonga vipande vyembamba vya mbao ngumu, kuvigundisha kwenye mabega yaliyosinyaa, kisha kuvipunguza kidogo kidogo kwa patasi hadi ubao uingie kwa kusukumwa kwa kiganja, bila nyundo na bila kulegea. Ni kazi ya subira ya siku moja au mbili. Vipande hivyo havionekani bunduki ikishafungwa, na vinaweza kuondolewa. Faida nyingine hufuata pale pale, kwa sababu katika bunduki hii kifyatulio kimefungwa kwenye chuma kinachoshikiliwa na ubao, hivyo ubao ukitulia, mvuto wa kifyatulio nao hutulia. Usikubali mtu apige tupa kifyatulio ili kiwe chepesi. Kina hatua mbili kwa makusudi, ya pili ikiwa ya ratili 5 hadi 6, na tupa ikizidi kidogo tu unapata bunduki inayoweza kufyatuka ikigongwa sakafuni.

Wewe mwenyewe unaweza kupima jambo moja bila kufungua skrubu. Bunduki ikiwa tupu na bolti ikiwa nje, bonyeza mtutu chini kwa kidole gumba pale kwenye kofia ya mbele. Unapaswa kushuka kidogo na kurudi wenyewe ukiachilia. Usiposogea kabisa, au ukiwa umelala upande mmoja ukigusa kofia, umeshajua sehemu moja ya tatizo lako.

Lakini kwa jina la Mungu, usijaribu kuifungua mwenyewe, na hapa ninazungumza kwa uchungu. Nilipokuwa kijana ninayejifunza kazi katika karakana moja, nilipewa bunduki ya aina hii niondoe kitako kilichopasuka. Nilichukua bisibisi ndefu, nikaiingiza kupitia nyuma ya kitako, nikaanza kulegeza skrubu ndefu iliyomo ndani inayoshika kitako. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ncha ya skrubu hiyo imechongwa mraba, na mraba huo hujitokeza mbele ya shingo ya chuma na kukaa ndani ya kibati kidogo kilicho mwisho wa ubao wa mbele ili usilegee. Skrubu ilipozunguka, mraba ulizunguka ndani ya kibati, na ubao mzima wa mbele, uliokuwa haujapata hata mkwaruzo tangu kiwandani, ukapasuka kwa mlio ambao bado ninausikia. Kanuni ni hii: ubao wa mbele utoke kwanza, ndipo kitako kiguswe. Muulize fundi wako jambo hilo kabla hujamkabidhi bunduki. Akikujibu bila kusita, mpe. Akianza kubabaika, shukuru na uondoke.

Tuje kwenye risasi kupiga juu. Sehemu ya jambo hilo si kasoro. Kilengeo cha nyuma cha bunduki yako kinaanzia yadi 200 na kufika yadi 2,000. Hakuna alama ya 100. Kwa hiyo hata bunduki iliyo timamu kabisa itapiga inchi 2 au 3 juu ya alama katika mita 100. Kama zako zilikuwa juu zaidi ya hapo, subiri hadi ubao urekebishwe, kwa sababu mtutu unaosukumwa vibaya na mbao hupandisha risasi. Zikiendelea kuwa juu, badilisha kilengeo cha mbele. Vilitengenezwa kwa vimo kadhaa vinavyopishana kwa 0.015 ya inchi, na kila kimo kinachoongezeka huteremsha risasi karibu inchi 3 katika mita 100. Wengi huliona jambo hili kinyume: kilengeo cha mbele kikirefuka, risasi hushuka. Kwa upande wa kushoto na kulia, kumbuka ile nyota. Kwa kuwa skrubu ya kusogeza kilengeo cha nyuma iliondolewa, unasogeza cha mbele, na unakisogeza kuelekea kule risasi zinakokosea: zikienda kulia, kinasogezwa kulia, robo ya milimita kwa mara moja. Kilengeo cha zamani kihifadhi kwenye bahasha pamoja na nakala ya cheti.

Darubini basi? Jeshi la Uingereza lenyewe lilipotaka bunduki za walenga shabaha katika Vita Kuu ya Pili, lilichagua zile za Mark Four zilizopiga vizuri kuliko wenzake na kuzipeleka kwa kampuni ya bunduki ya Holland & Holland ili wazifungie darubini kwa vipimo vya kiwanda. Haikuwa kazi ya drili ya mkono. Katika bunduki yako, kilengeo cha nyuma kimekaa juu ya mtutu, mbele ya chemba, na juu ya kiwiliwili kuna daraja la kujazia risasi tano tano, hivyo darubini ya kawaida haina pa kukaa bila kutoboa. Ninakuomba usitoboe. Kama macho yako hayashiki vizuri vilengeo, jambo ambalo hutupata sote tukivuka miaka 45, mwone daktari wa macho na umwambie unataka lenzi itakayokuonyesha vizuri kilengeo cha mbele, ambacho kiko umbali wa mita moja hivi kutoka jichoni. Lenzi hiyo itakusaidia kuliko unavyotarajia.

Mbao na chuma visafishwe kwa upole. Weusi ule kwenye mbao ni mafuta, jasho na moshi. Futa kwa kitambaa kilicholowa roho ya tapentaini, ukiwa nje penye hewa na mbali na jiko, hadi kitambaa kisichafuke tena. Baada ya hapo paka mafuta ya kitani, yale yanayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa jina la linsidi, matone machache kwa kiganja, ukisugua hadi kiganja kipate joto, kisha uache siku mbili kabla ya kurudia. Hiyo ndiyo rangi waliyoijua askari wenyewe, na makovu yatabaki yakionekana kama inavyopasa. Vitambaa vilivyotumika kwa mafuta hayo usivikunjekunje ukavitupa kwenye pipa, maana hupata joto vyenyewe na huweza kuwaka. Vitandaze juu ya waya nje hadi vikauke. Kutu nyekundu kwenye chuma isuguliwe kwa sufi laini kabisa ya chuma iliyolowa mafuta, na usitumie kamwe asidi ya betri wala dawa za kung'arisha sufuria. Unapoihifadhi ndani ya sanduku lako la chuma, isiwe ndani ya mfuko wa ngozi au turubai, kwa kuwa vyote viwili huvuta unyevu na kuulaza juu ya chuma.

Siku utakayorudi uwanjani, piga risasi tano ukiwa umeegemeza ubao wa mbele, si mtutu, kwenye mfuko wa mchanga. Acha bunduki ipoe hadi uweze kuushika mtutu bila kuona joto, piga tano nyingine, kisha tano za tatu, na kila kundi liwe kwenye karatasi yake, yenye tarehe na aina ya risasi. Kwa bunduki ya 1918 yenye vilengeo vyake vya asili, kundi la inchi 3 hadi 4 katika mita 100 ni zuri, na usimsikilize anayekuambia vinginevyo. Kama makundi yote matatu yanakaa mahali pamoja, fundi wako amefanya kazi yake. Kama kundi la kwanza ni zuri na la tatu limepanda au kusogea, mtutu bado unagusa mbao ukipata joto, na bunduki irudi kwake. Na kama yote matatu ni mapana kama sinia lile la kwanza ilhali mabega yamebana na bolti imekubaliwa na geji, basi mtutu umechoka. Hapo uamuzi ni wako. Mtutu mwingine wa aina ile ile unaweza kufungwa na fundi aliyesajiliwa, kwa kibali na kumbukumbu zote, na ule wa kale ukahifadhiwa kihalali ukiwa na nambari yake. Au uiache kama ilivyokuwa mikononi mwa baba yako, uipige risasi chache kwa mwaka, na karatasi za shabaha uzikubali hivyo hivyo. Mimi mwenyewe, kwa bunduki ya mzazi, ningechagua hilo la pili.